Mgowe wa Mbao

Mtu anayekuja kazini kwa kualikwa pombe, ni mfanyakazi au ni mgeni? Swali hilo lilininyima usingizi nilipokuwa naishi kwa shangazi, Makambako, nikingoja ajira ambazo serikali ilikuwa imeacha kutoa.

Kwetu Ubena, shamba likikushinda unaita mgowe. Unaandaa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, majirani wanakuja kulima, wanakunywa, wanarudi kwao. Hakuna anayeitwa bosi. Biashara binafsi ziliporuhusiwa, shangazi alinunua mashine ya kupasua mbao, na mgowe akauhamishia huko. Magogo yakishuka kutoka Matembwe, ndoo ya ulanzi inawekwa kivulini na wanaume wanaitwa. Ila magogo hayaishi kama shamba linavyoisha. Wanaume walewale walikuja kila siku, na jioni aliwapa pesa kidogo, akiziita za chumvi.

Kisha msumeno ukamkata mmoja wao vidole viwili vya mkono wa kulia.

Shangazi alimpeleka hospitali mwenyewe, akilia njia nzima. Alipotulia aliniuliza, "Wewe umesoma. Sheria inasemaje?"

Chuoni tulifundishwa sheria za kazi kidogo, lakini hilo nililijua: ajali iripotiwe kwa afisa kazi, mtu alipwe fidia. Nikaanza kuwaza. Kama nimekosea je? Akifunga mashine? Na huu ugali ninaokula ni wa nani? Nikasema, "Inategemea, shangazi."

Kesho yake tulikwenda kumwona majeruhi nyumbani kwake, tukiwa na kuku na debe la unga.

"Kamwene," alitusalimu, akainuka kunipisha kiti, mkono ukiwa kwenye bandeji.

Mkewe aliuliza kama ni kweli kuna ofisi ya watu walioumia kazini.

"Hiyo ni ya viwandani, mama," shangazi akamjibu. "Mumeo alikuja kunisaidia kama ndugu. Huyu msomi wetu nimemuuliza, hata yeye hakuona kesi."

"Ulanzi wako ghali, mama," mgonjwa akasema. "Ndoo moja, vidole viwili."

Mkewe alinitazama, akingoja niseme neno. Niliinama kufunga vizuri mdomo wa debe la unga.

"Basi, kama msomi amesema," akasema, akaenda kutuletea chai.

Niliinywa. Nilikuwa nimeona haya mara nyingi maishani, kwa nguo, kwa lafudhi, kwa kurudi nyumbani bila kazi, lakini sikuwahi kuona haya ya kunywa chai ya mtu niliyemnyima neno.

Jumapili, baada ya ibada, nilimkuta shangazi akimenya viazi.

"Shangazi, yule ni mfanyakazi wako. Kesho nampeleka Njombe kwa afisa kazi."

Hakuinua uso. "Kwa nauli ya nani?"

"Nimeuza redio yangu."

"Na ukirudi, utalala wapi?"

Alfajiri niliondoka na begi lenye vitu vyangu vyote, nikampitia majeruhi, tukapanda basi la Njombe.

Afisa kazi alimsikiliza majeruhi, kisha akamuuliza jina la mwajiri.

"Hakuna mwajiri, bwana. Ulikuwa mgowe tu."

Afisa akaweka kalamu chini. Nikasogea mbele ya mwenzangu.

"Mwajiri yupo," nikasema. "Ni shangazi yangu. Huyu alifanya kazi pale kila siku, nami nilikuwa namwona."