Mgonjwa wa Mazoezi

Mimi nimeshaliliwa nikiwa mzima. Tena nimetoka kula ugali na kisamvu, nimeshiba.

Usicheke. Sikiliza kwanza.

Naitwa Lameck, mpishi wa chuo kimoja huku Newala. Shule niliacha mapema. Chuoni nimeingia kwa mwiko, si kwa kalamu.

Mwaka mmoja zilivuma habari za mafua makali, yale ya kuruka nchi hadi nchi. Mkuu wa chuo akasema tujiandae. Zikaja ndoo za kunawia, zikaja barakoa. Stoo ikageuzwa chumba cha kutengea wagonjwa, ikazungushiwa kamba.

Kisha yakaja mazoezi. Anatakiwa mtu ajifanye mgonjwa wa kwanza, tuone watu watafanyaje.

"Baba Dorika anafaa," akasema Mwanaheri, muuguzi wetu, akininyooshea mimi kidole. "Sura yake imeshachoka tayari."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka kweli. Nikasema poa, angalau nitalala.

Amri ilikuwa moja: endelea kuumwa mpaka filimbi ilie.

Tulikosea jambo moja tu. Waliomo chuoni waliambiwa ni mazoezi. Walioko nje hakuna aliyewaambia.

Na huku kwetu mgonjwa huulizi ana nini. Unamwendea.

Muuza mboga alinichungulia nimelala. Habari ikafika sokoni, ikapanda bodaboda mpaka Kitangari.

Haukupita muda chumba kimejaa. Mashemeji, majirani, akina mama wa jumuiya na kuku wao. Kamba wameikanyaga.

"Ni mazoezi jamani!" Mwanaheri anapiga kelele.

"Mazoezi gani ya kulala?" bibi mmoja akamjibu. "Hebu pisha huko."

Mara nikamwona kaka yangu Ladislaus mlangoni.



Kaka hakuwa amenisemesha tangu tumzike mzee. Tuligombea kisima cha maji ya mvua alichotuachia. Ukiijua shida ya maji ya huku juu, hutatushangaa. Hata harusi ya Dorika, mwanangu, hakuja. Nilijifanya sijali. Nilijali sana.

Akakaa sakafuni, akanishika mguu. Analia mtu mzima yule.

"Mdogo wangu, kisima chukua. Chukua chote. Usife tu."

Ningenyamaza ningepata kisima na ndugu kwa mpigo. Nikashindwa.

"Shikamoo kaka. Siumwi. Kweli ni mazoezi ya chuo."

Akanitazama. Akafuta uso kwa kofia yake.

"Kumbe unanichezea."

Akatoka. Filimbi ikalia. Mkuu akatangaza kwamba tumefeli.

Nikampigia kaka, hapokei. Nikamtuma mke wangu akaombe radhi. Akarudi kichwa chini.

"Kasema ukifa kweli, asiambiwe."

Wiki chache baadaye mafua yakaingia chuoni. Wa kwanza kulazwa nani?

Mimi hapa.

Stoo ileile, kitanda kilekile. Homa inanichoma, kifua kimebana, hata kugeuka siwezi.

Safari hii hakuja mtu. Sokoni wanacheka: "Lameck anaigiza tena huyo!"

Nikalala naangalia bati. Sikuwa hata na nguvu za kukasirika.

Mara nikasikia sauti nje.

"We! Unaumwa au unaigiza?"

Kaka.

"Naumwa. Usisogee, kaka."

"Nani kakwambia nasogea? Nipo kwenye kamba."

Nikamsikia anatua kitu chini.

"Nimeacha uji hapa. Na dumu la maji."

"Umejuaje kwamba ni kweli?"

"Mkeo kaja kulia kwangu. Yule hajui kuigiza kama wewe."

Nikacheka, kikohozi kikanikatiza.

"Maji ya kisima gani, kaka?"

"Kunywa kwanza. Mdomo tu wewe, hata ukiumwa."

Alikuja kila siku mpaka nilipoinuka. Kamba hakuivuka hata mara moja. Alikuwa anakaa kwenye jiwe, ananisimulia habari za mikorosho kwa kupaza sauti, na mimi nanyamaza nasikiliza.

Kisima tunachota wote sasa. Bado tunagombana, lakini tunagombana tukiwa tunasemeshana.

Na Mwanaheri ameweka benchi nje ya ile kamba.

Ndugu zangu mnaojiandaa na magonjwa, wekeni ndoo, wekeni barakoa, sawa. Ila msihangaike kumkataza mtu wa huku asije kumwona mgonjwa wake. Atakuja tu.

Mwonyesheni pa kukaa.