Mama Aliyefundisha Kiingereza Asichokijua

Yule mama wa Kisongea aliyekuwa akinunua nguo za watoto katika kijiji cha Kangle, hapa Guangzhou, amefariki dunia. Habari zilinifikia Jumatano asubuhi kwenye grupu letu la simu la Watanzania wa huku, na ninyi wasomaji wangu wa siku zote mnaijua tabia yangu: sikulia, nilishuku. Grupu lile limekwisha kuua watu wawili ambao hadi leo wanakula ugali mtaani Xiaobei, hapahapa Guangzhou, na mmoja wao alizisoma rambirambi zake mwenyewe akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Kwa hiyo nikapiga simu Songea. Akapokea mdogo wake, akasema ni kweli, Mwalimu, tumemzika jana, figo zilikuwa zimekwisha. Nikakaa juu ya katoni la vyombo pale ofisini kwangu. Kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni, ilikuwa aibu, na aibu hiyo ndiyo inayoandika safu ya leo.

Kabla ya kuwa wakala wa mizigo nilifundisha Kiingereza sekondari miaka kumi na saba, huko Iringa, na sijawahi kuficha kwamba najivunia. Sasa kule Kangle, ambako ni kijiji kwa jina tu, maana ni vichochoro vya karakana za kushona vilivyobanwa kando ya masoko ya vitambaa, kuna bosi mmoja wa Kichina tuliyekuwa tukimpelekea kazi. Yeye na mkewe ni wahamiaji kutoka mkoa mwingine. Binti yao alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini, na Juni alikuwa na mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Kwa mtoto wa wahamiaji nafasi katika jiji hili ni chache mno. Asipofaulu vizuri, anarudishwa mkoani kwa bibi yake, wazazi wanabaki huku na cherehani zao. Kilichokuwa kikimwangusha ni ufahamu wa Kiingereza: kifungu cha habari, chini yake maswali matano, kila swali na majibu manne, chagua moja.

Bosi aliniomba mimi kwanza, kirafiki tu, maana viza zetu za biashara haziruhusu kufundisha kwa malipo. Nilikwenda Jumamosi tatu. Kifungu cha kwanza kilihusu bibi aliyelima mboga juu ya paa la ghorofa. Majirani wakalalamika kwa matope na nzi, halafu wakanyamaza. Swali: kwa nini walinyamaza? Binti akachagua kwamba walianza kugawiwa mboga. Nikacheka. Nikamwambia, mwanangu, majirani gani hao wananyamazishwa na mchicha? Hapo lazima mwenye nyumba aliwatisha. Nikampa mifano mitatu ya Kariakoo na mmoja wa Iringa mjini. Mtoto akafuta jibu lake, akaandika langu. Kitabu kikasema ni mboga. Basi nikakisahihisha kitabu! Ilipofika Jumamosi ya tatu nilikuwa nimekisahihisha mara kumi na moja, ndipo bosi akaniletea chai, akanishika bega, akaniambia taratibu kwamba Mwalimu umechoka, pumzika. Watu wa hapa wakikuambia pumzika, ujue wamekufukuza.

Wiki mbili hazijapita, nikasikia binti anafundishwa na mama wa Kisongea. Weee! Mama yule alikuwa amepanga chumba juu ya karakana ileile, na Kiingereza chake nilikijua kama ninavyoujua mfuko wangu wa shati: bei gani, punguza, hii mbovu. Basi. Shule aliishia darasa la saba. Kila ujumbe wa Kiingereza aliotumiwa na watu wa meli aliuleta kwangu nimsomee. Kichina cha mdomo alikuwa nacho, tena kingi, maana alishinda na washonaji. Lakini Kiingereza? Nikajiuliza anamfundisha mtoto wa watu nini, na kama kawaida yangu nikajijibu mwenyewe: anawadanganya ili nguo zake zitangulie kwenye meza ya mkataji. Na kweli zilikuwa zikitangulia, sisi wengine tukingoja siku nne. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na huyu kajishonea humo humo.

Msinilaumu haraka. Sisi tunaoishi kwa biashara huku tumelelewa na mashaka. Sampuli nzuri inakuja na mzigo mbovu, rafiki wa jana leo anauza mzigo wako kwa mteja wako, na mtu akikusalimia kwa furaha nyingi unajigusa mfuko. Mashaka yametuokoa mara nyingi na siyatukani. Ubaya wake ni kwamba ukishayazoea huyaweki chini hata unapokwenda kumwona mtoto anayesoma.

Nikatega mtego. Nilinunua kitabu cha mazoezi katika mtaa wa Yide Lu, kule kwenye maduka ya jumla ya madaftari, nikachapa upya kifungu kimoja pamoja na karatasi yake ya majibu, na majibu mawili kati ya matano nikayageuza makusudi. Hesabu yangu ilikuwa fupi: asiyejua lugha atafuata karatasi ya majibu kama kipofu anayeshikwa mkono, nami nitakuwa nimemkamata mbele ya bosi. Jumamosi alasiri nikaenda Kangle. Mabosi walikuwa wamesimama kando ya njia na magauni ya sampuli mikononi, wakitafuta washonaji wa siku, baiskeli zenye majora ya vitambaa zinakupigia kengele mgongoni. Nikamkuta mama kwenye meza ya kufungashia, miwani puani, rula mkononi, binti mkabala naye, mama wa binti kwenye cherehani karibu yao. Nikasema shikamoo. "Marahaba, Mwalimu, karibu, leo umetukumbuka," akasema. Nikamkabidhi karatasi zangu kama zawadi. Akazipokea kwa mikono miwili, nami nikakaa kwenye kiti cha plastiki kumtazama anavyoanguka.

Sasa sikilizeni namna alivyofundisha. Binti alisoma kifungu kwa sauti, sentensi moja moja, na kila sentensi akaieleza kwa Kichina. Kilikuwa cha fundi wa miavuli wa barabarani aliyeitwa kazi kiwandani akakataa. Wakaja kwenye maswali. Binti akitaja jibu, mama anagonga meza kwa rula na kuuliza neno moja la Kichina, "Nali?", yaani wapi. Mtoto lazima aweke kidole juu ya mstari unaosema hivyo, ausome, aueleze tena. Akishindwa, jibu linafutwa, hata liwe sahihi! Swali la tatu: kwa nini fundi alikataa? Binti akasema kwa sababu wateja wake ni wazee wasioweza kwenda mbali, akaweka kidole. Wakafunua karatasi yangu ya majibu, ambayo ilisema mshahara ulikuwa mdogo. Nikajisogeza mbele. Mama akagonga meza: nali? Binti akatafuta mshahara juu mpaka chini, akarudia kusoma kifungu kizima. Hakuna. Mama akavua miwani akaniangalia. "Mwalimu, majibu haya umeyatoa wapi?" Nikasema kitabuni. "Basi kitabu kimekosea," akasema, akamwambia binti akate. Na swali la tano likakatwa vilevile.

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Pale nje, katikati ya kelele za cherehani, akaniambia maneno ambayo nayakumbuka yote. "Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui, na wewe unajua kwamba sikijui, ndiyo maana umekuja. Sikulaumu. Lakini huyu mtoto ana mtihani Juni, na mama yake hataki kutengana naye. Naomba tumalize kwanza. Baada ya hapo nitangaze, hata redioni ukitaka." Nikamjibu, ah, mama, mambo gani hayo, mimi siwezi. Nikacheka cheko la uongo, nikaenda zangu.

Thubutu! Siku kumi baadaye nilikuwa nakunywa chai na bosi, na mtihani ukibakiza wiki nne. Akaniuliza mama yule anafundisha vizuri? Ningeweza kusema vizuri tu, maana niliona kwa macho yangu. Lakini mle ndani kilikuwa kinaniuma: mimi mwenye cheti nimeambiwa nipumzike, darasa la saba kakalishwa kwenye kiti changu, tena kanikamata mtegoni mwangu. Nikasema hajui Kiingereza hata kidogo. Bosi akazima feni, sijui kwa nini, katika joto lile. Jumamosi iliyofuata mama naye aliambiwa apumzike, binti atafuata masomo ya kwenye simu. Nguo zake zikarudi mwisho wa foleni, na kabla mwezi haujaisha akahamia chumba cha Dengfeng, karibu na maduka yetu. Tangu siku hiyo, mpaka alipougua akarudi Songea, nilikutana naye karibu kila wiki. Shikamoo mama. Marahaba, Mwalimu. Salamu ileile, na kila mara niliishuku. Je, anajua? Kama anajua, mbona ananiita Mwalimu? Hakuniambia hata siku moja, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimewafundisha mamia ya watoto ufahamu, na sasa nikijikagua naona niliwafundisha kuukagua uso wangu. Mwanafunzi wa kwetu akiulizwa swali hatazami karatasi, anamtazama mwalimu: akikunja ndita, anabadili jibu, akitabasamu, anashikilia. Tunawapa alama kwa ujanja huo kisha tunashangaa wakifika chuo hawawezi kusoma ukurasa mmoja peke yao. Na sisi walimu tunaona fahari kujua kila kitu kabla mtoto hajafungua mdomo. Mama yule alikuwa na mashaka kama mimi, pengine kunizidi, ila mashaka yake aliyapeleka kwenye majibu. Mimi yangu nimeyapeleka kwa watu maisha yangu yote.

Jumapili tulimfanyia sala ya kumbukumbu ghorofani, kwenye mgahawa mmoja wa Dengfeng, Wakristo na Waislamu pamoja. Watu wakasimama kusema. Mmoja akasema marehemu alikuwa bingwa wa Kiingereza hata Wachina walimpa watoto wao. Mwingine akaongeza chuo alichosoma, chuo ambacho sijui alikitoa wapi. Ndugu zangu, hata pale, mbele ya picha yake, mdomo uliniwasha nisahihishe! Nilikwisha kushika mgongo wa kiti niinuke. Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia binti yule, kwenye trakisuti ya shule, kifuani ina nembo ya sekondari ya juu ya hapahapa jijini, mama yake nyuma yake amebeba maua. Nikakaa.

Baada ya sala alinifuata, akanisalimia kwa Kiingereza safi ambacho si mimi niliyempa. Nikamuuliza, maana sikuweza kujizuia, kama alijua kwamba mwalimu wake hakujua lugha. "Tangu siku ya kwanza," akasema. "Walimu wengine wote walijua jibu, nami nilikuwa nawatazama usoni nikisie. Kwake hapakuwa na kitu cha kukisia, ikabidi nisome." Nikamuuliza ilikuwaje alipoondolewa. Akasema alilia siku mbili, halafu akachukua kitabu akakaa kando ya cherehani ya mama yake. Mama yake hajui herufi moja ya Kiingereza. Binti akamfundisha swali lile moja tu la kuuliza: nali? Mama akawa anashona huku anauliza, binti anatafuta, anaweka kidole, anaeleza, mpaka siku ya mtihani. Mama mtu alisimama pembeni yetu haelewi tunachosema, ananitabasamia na kuniinamisha kichwa kwa heshima.

Kisha binti akaniuliza. Alisema baba yake amekataa kumwambia, na mama wa Kisongea naye alipoulizwa alisema hajui, na yeye ameishi miaka miwili akitaka kujua: nani alikwenda kumwambia baba? Alinitazama kwa imani kabisa, kama mtu anayemuuliza mwalimu. Nikamjibu sijui. Akasema asante, akaenda kuweka maua.

Ni mimi. Nimeandika neno hilo hapa, na najua baadhi yenu mtanitumia ujumbe kunisifu kwamba nimekuwa muungwana, nimekiri hadharani. Msinisifu, nishukuni. Gazeti hili linasomwa Iringa na Songea na Dar, Kangle halifiki. Nimekiri kwa Kiswahili, na binti yule Kiswahili hasomi, wala mama yake, wala baba yake. Aliyeweza kukisoma yuko chini ya udongo. Kama kuna funzo ninalowaachia wiki hii ni hilo: mtu akitubu mahali ambapo aliyemkosea hawezi kumsikia, anajipaka mafuta. Jumamosi karakana inafungua saa mbili, na binti siku hiyo yuko nyumbani. Najua njia. Mpaka nitakapokwenda nikasimama mbele ya ile meza ya kufungashia nikasema, mtu yeyote akiwaambia nimetubu, hata nikiwa ni mimi mwenyewe, msimwamini.