Fundi Cherehani wa Springfield na Bastola ya Mkono wa Adabu

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, duka la silaha mjini Springfield, Virginia, halijamaliza hata kuwasha taa, na Sabiha Abdulsamad keshaegemea kaunta. Mbele yake kuna rivolva mbili. Moja ni mpya, inang'aa hadi unajiona uso. Nyingine ni ya mtumba, imechubuka ubavuni.

"Haya, semeni niwasikie," anaziambia, kisha anacheka mwenyewe.

Leo hana muda wa kubabaika. Saa nane mchana klabu yake ya wanawake wapiga shabaha inachagua wanne wa kupambana na wenzao wa Columbia, Maryland. Anayetaka nafasi lazima apate alama themanini kati ya mia. Mwaka jana Sabiha aliikosa nafasi hiyo kwa alama mbili, akalia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu.

"Mbili tu, jamani! Si bora ningekosa kwa thelathini, nikajua moja?"

Sabiha, 46, mzaliwa wa Wete, Pemba, ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akipunguza magauni ya maharusi na kukunja suruali za maofisa, kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la dobi. Mwezi ukiwa mzuri anapata dola elfu tatu na ushee. Rivolva moja ya maana ni kazi ya wiki nzima, kwa hiyo akikosea leo, kakosea kweli.

Anatafuta ya kaliba ndogo, yaani tundu la mtutu la nukta ishirini na mbili ya inchi. Risasi zake ni nyembamba kuliko kalamu, bei yake nafuu, na kishindo hakimtoi mtu roho. Ila zina deko lake: nyundo huzigonga ukingoni mwa kitako, si katikati. Ikigonga kinyonge, risasi inagoma.

Muuzaji, Mwita, mtu wa Tarime mwenye mvi za kutosha, anafungua silinda zote mbili, yale magurudumu ya kutilia risasi, na kumwonyesha kwamba ni tupu. Kisha anatia risasi bandia za plastiki, ili nyundo isigonge chuma kitupu na kukiharibu.

"Usiangalie sura, dada," anasema. "Vuta nyundo polepole. Silinda ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Ikichelewa, achana nayo."

Sabiha anafumba macho, kama afanyavyo akisikiliza cherehani ya mteja. Ile inayong'aa inasita. Anaisukuma silinda yake kwa kidole, nayo inacheza.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!" anapaza sauti. "Hii ingekuwa cherehani, ingeruka nyuzi kutwa."

Ya mtumba inajibu ta, ta, ta. Haichezi hata kidogo. Sabiha anaibusu hewani.

Wanaingia ukumbi wa kujaribia, nyuma ya duka. Sabiha anachukua mkasi, anapunguza kingo za karatasi ya shabaha, anaitundika, anapiga kwa ile ya mtumba. Alama sabini na moja.

Anashusha pumzi. "Basi ubovu si wa bastola. Ni wangu."

Mwita anautazama ule mkasi. Na hapo ndipo mambo yanapogeuka, asikwambie mtu.

"Dada, una shoto?"

"Kwenye mkasi tu."

"Na jicho? Nyoosha kidole kwenye ile saa, macho yote wazi. Fumba la kulia." Kidole hakihami. Jicho lake la kulengea ni la kushoto. "Sasa bastola unashikaje kwa kulia?"

Sabiha anamshangaa. "Siku ya kwanza klabuni, miaka miwili nyuma, mwalimu alinipa, nikapokea. Kitu cha kupewa na mtu mzima nikipokee kwa kushoto? Mie sikulelewa?"

Mwita anacheka hadi anashika ukuta. Huko Wete, mkono wa kushoto wa Sabiha ukigusa sahani ulikuwa unaonja mwiko wa bibi yake. Mkasi ulinusurika kwa sababu hakuna anayemkabidhi fundi mkasi wake. Huuokota mwenyewe mezani.

"Miaka miwili unapiga kwa mkono wa adabu!" anasema Mwita. "Dada, pokea kwa kulia, Mungu akubariki. Kisha hamishia kushoto. Karatasi ile si mama mkwe wako."

Anaiweka rivolva mezani, mtutu ukielekea shabaha. Sabiha anasema bismillahi, anaiokota kwa kushoto. Mpini wake ni mbao laini, hauna nundu ya kidole gumba upande wowote, unamkaa sawasawa. Anapiga mara sita. Anajaza tena, mara sita.

Matundu yamejibana katikati ya karatasi. Sabiha anapiga kigelegele mpaka jirani wa kibanda cha pili anavua vizuia sauti masikioni. "Mashaallah! Mwita, kumbe ninajua!"

Anajaza fomu, ukaguzi wa serikali unapita, na bastola inaingia kwenye kisanduku chenye kufuli. Saa nane unusu mchana, klabuni, Bridget, mwenyekiti wao, anahesabu matundu mara mbili, kwa kutoamini. Themanini na sita. Sabiha yumo.

Anakumbatia kila anayepita, mwandishi huyu akiwamo, na furaha yake inaambukiza kweli. Columbia wanakuja wiki tatu zijazo, nao hawajawahi kufungwa.

"Waje, karibu sana," anasema Sabiha, akinyoosha mkono wa kulia kuniaga. "Huu nitawapa wausalimu. Ule mwingine ndio wauogope."