Tundu la Tatu

Baba hakuwahi kukalia kiti kabla ya kukisukuma kwa kiganja mara mbili, kisha kuinama kukitazama chini. Alifanya hivyo nyumbani, benki, hata kwenye harusi ya dada yake, bibi harusi akimkazia macho.

"Nimewachomelea watu viti vingi mno," alijitetea. "Najua tunavyofanya."

Alikuwa fundi wa kuchomelea. Mtaani walimwita Bado, kwa kuwa ukimuuliza kama kazi yako imekwisha, hilo ndilo jibu utakalopata, hata kama geti lako limeshapakwa rangi.

Binti yake, muuguzi, alipopangiwa kuzungukia wagonjwa majumbani, alipewa pikipiki pia. Ilikuwa ndefu. Akiipanda, vilivyogusa chini ni vidole tu, tena vya mguu mmoja. Wiki ya kwanza alianguka nayo mbele ya zahanati, vichupa vya dawa vikavunjika. Mkuu wake akamwambia aiendeshe mbele yake Jumatatu. Akishindwa, kazi atapewa mwingine. Binti alikuwa amekaa wodini miaka tisa, na siku hizi kuta za kule zilikuwa zikimkaba roho.

"Lilete hilo dude," Baba akasema.

Siku mbili grenda ya kukatia vyuma haikunyamaza. Alichonga sponji, akakisimamisha kiti juu ya vyuma vinne vifupi, viwili mbele na viwili nyuma, kila kimoja na matundu matano. Ukihamisha bolti zote, kiti kinashuka au kupanda. Ukihamisha za nyuma peke yake, kinainama.

Jumapili asubuhi binti akaingia nayo barabarani. Miguu yote miwili ilifika chini, lakini kila aliposhika breki aliteleza mpaka tumbo likagonga tangi. Alirudi amenuna.

"Kinanimwaga mbele, Baba."

"Hakimwagi. Nimekipima kwa pimamaji, kimelala sawa. Wewe ndiye unakaa kama mtu anayetaka kukimbia."

"Basi panda mwenyewe."

Akapanda. Alifika kwenye kona akageuza, amekumbatia tangi kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Akairudisha karakana. Akapima tena: sawa. Akakaa, akasimama, akapima tena. Chai ikapoa. Binti naye alikuwa akienda na kurudi mlangoni, akiihesabu Jumatatu kwa saa.

Mzee alipotia mkono kwenye kopo la bolti, gololi ya beringi ikamponyoka. Ikabiringika polepole sakafuni, ikapita chini ya pikipiki, ikatoka mlangoni.

Wote wawili wakaifuata kwa macho.

Zege la sakafu ile alilimwaga mwenyewe miaka thelathini nyuma, akaliinamisha ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe. Alikuwa amelizoea mpaka amelisahau. Pikipiki ilisimama ikitazama ukuta wa ndani, gurudumu la mbele likiwa juu zaidi. Kiti kilikuwa sawa humo ndani tu.

"Mzee Bado," binti akasema, "karakana yako imepinda."

"Nyamaza, mama. Nisaidie kuitoa nje."

Waliipimia barabarani, penye tambarare. Bolti za nyuma zikashuka hadi tundu la tatu. Jumatatu binti alisimama kila alipoambiwa asimame, nyayo zote mbili chini, na mkuu wake akamwachia kazi.

Baba hakuridhika. Miezi minane, kila asubuhi, alikisukuma kiti kile kwa kiganja mara mbili, akainama, akaguna.

Moyo wake ulisimama Alhamisi moja, saa nne, akiwa karakana. Binti alikuwa mbali, akimfunga mgonjwa kidonda. Bolti ziko tundu la tatu hadi leo. Mgongo humuuma akienda safari ndefu, lakini hampi fundi yeyote spana. Asubuhi ya Alhamisi ile binti alikuwa ameshawasha pikipiki, ana haraka, Baba akamfuata hadi getini na kumwambia kwa sauti ya kuushinda mngurumo:

"Ukirudi nikusogezee tundu moja. Huo mgongo wako sijaupenda."