Klachi ya Bwana Ramniklal

Mume wangu Mbaruku alikuwa fundi magari katika gereji ya Mzee Anaeli, mtaa wa pili kutoka soko la Kariakoo, na mimi nilikuwa nauza chai na vitumbua pale pale mlangoni. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu huku nakaanga.

Mwaka hamsini na saba bandari ilitafuta fundi wa malori yake. Kazi hiyo ilikuwa na nyumba ya bati zima, nasi tulikuwa tumepanga chumba Buguruni ambacho mvua ilikijua kuliko mwenye nyumba. Walichotaka bandari ni barua moja tu ya mwajiri, imfikie karani wao kabla ya Ijumaa kwisha, iseme kwamba Mbaruku ni fundi kamili. Mzee Anaeli alikuwa ameahidi kuiandika tangu Mfungo Tatu. Alikuwa Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha mambo, na kila tulipomkumbusha alisema barua haiandikwi kwa haraka. Kweli hakuwa na haraka.

Jumatatu ya wiki hiyo akaja Bwana Ramniklal, mwuza vitambaa kwa jumla, na gari lake jekundu la mbio, la watu wawili, lisilo na paa. Alilipenda gari lile kiasi kwamba alilifuta vumbi kwa khanga mpya za dukani kwake. Sasa lilikuwa linamwaibisha. Akikanyaga mafuta, injini inapiga kelele mtaa mzima unageuka, gari lenyewe linatambaa. Wapanda baiskeli walimpita wakimpungia mkono.

"Klachi inateleza," akasema. "Gereji nyingine wamebadilisha pleti mara mbili. Mara mbili, fundi."

"Shusha gea boksi," Mzee Anaeli akaamuru.

"Ngoja kwanza, mzee," Mbaruku akasema, akavua viatu.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakuwahi kuendesha gari bovu akiwa na viatu. Alisema ugonjwa unaingia kwa unyayo. Watu walimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Akaondoka na Bwana Ramniklal kuelekea Ilala, wakarudi baada ya nusu saa, Mbaruku anatabasamu na mwenye gari amevimba mashavu.

"Pleti haina kosa," Mbaruku akasema. "Asubuhi gari likiwa limepoa linashika vizuri. Ukishakanyaga pedali mara nyingi kwenye kona, linaanza kuteleza. Pleti iliyokwisha haingojei kona."

Akalala chini ya gari. Klachi ile haikuvutwa kwa waya kama za malori. Ilisukumwa na mafuta ya breki ndani ya bomba. Mbaruku akalegeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, na hakuna aliyekuwa amekanyaga pedali. Mafuta yakaruka yakamlowesha kifua. Akakaza, akaenda kuzunguka na gari, likashika kama jipya. Likapiga kona kumi, likaanza tena kuteleza. Akalegeza, yakaruka tena.

"Mnaona? Mguu umeshatoka lakini mafuta hayarudi. Yanabaki yanasukuma klachi, kama vile kuna mtu bado amekanyaga kidogo. Njia ya kurudia imezibwa."

Siku ya tatu, mwenye gari amesimama pembeni, akafungua masta silinda, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali, akatoa kijiringi cha mpira. Kilikuwa kimevimba mpaka kinakataa kutoka, na ndicho kilichoziba kile kitundu cha kurudishia mafuta. Mbaruku akasugua mafuta kwa vidole, akayanusa.

Yalikuwa na mafuta ya injini ndani yake. Mpira ukinyweshwa mafuta ya injini huvimba. Fundi yeyote anajua. Na kopo la mafuta ya breki lilifungiwa kwenye kabati la Mzee Anaeli, ufunguo shingoni mwake. Miezi michache nyuma meli zilichelewa, kopo likakaribia kwisha, naye akalirefusha kwa mafuta ya injini, kama Kariakoo nzima ilivyorefusha maziwa na mafuta ya taa. Gari la Bwana Ramniklal alilitilia kwa mkono wake, kwa heshima ya mteja mkubwa.

"Nani aliyetia mafuta haya?" Bwana Ramniklal akauliza.

Mzee Anaeli akaangalia kalenda ukutani. Mbaruku akamwangalia Mzee Anaeli. Ilikuwa Jumatano, na barua ilikuwa haijaandikwa.

"Mimi, bwana," Mbaruku akasema. "Nilikosea kopo."

Kitumbua kikaungua. Bwana Ramniklal akamsema mume wangu mbele ya mafundi, wachukuzi na wateja wangu, akamwita jina ambalo sitalirudia. Mbaruku akasikiliza akiwa peku, kisha akasafisha mabomba, akatia mipira mipya na mafuta safi, na gari likaondoka linanguruma na kwenda kwa pamoja. Niliona uchungu, lakini nikajiambia matusi hayavuji, bati ndilo linalovuja.

Mzee Anaeli alitimiza ahadi. Alhamisi jioni Mbaruku alikuja na barua ina muhuri, akanisomea. Fundi hodari, mwaminifu, hanywi pombe, anajua injini, gea na klachi. Nilianza kupiga vigelegele. "Ngoja," akasema, akasoma mstari wa mwisho: "Ila kwa kukiri kwake mwenyewe mbele ya mashahidi, hajui kutofautisha mafuta ya breki na mafuta ya injini."

Nilimfuata Mzee Anaeli mwenyewe asubuhi, kabla ya kuwasha moto.

"Shikamoo, mzee. Huo mstari wa mwisho si kweli, na wewe unajua."

"Marahaba, Zamda. Alilisema mwenyewe, watu wakasikia. Mimi ni mzee wa kanisa, mwanangu. Unataka nisaini uongo?"

Alisema kwa upole, na nadhani aliamini. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Kazi ya bandari ilikwenda kwa mtu mwingine. Mbaruku alibaki kwa Mzee Anaeli miaka sita, akikatazwa kabisa kugusa kopo la mafuta ya breki. Mzee alitia mwenyewe. Na kila gari lililorudi injini inalia na halitembei, Mbaruku alikuwa ameshavua viatu kabla mwenye gari hajashuka.