Tumbo la Shangazi kwenye Grafu

Shangazi yangu ni mwendesha lifti. Kutwa yuko kwenye stuli yake ndani ya jengo la ghorofa kumi, anabonyeza vitufe na kuwatania mawakili na wafagiaji bila ubaguzi. Ila roho yake iko juu kabisa, kwenye chumba cha mitambo. Anataka kuwa fundi wa lifti, na chuo kimemwambia wazi: bila kufaulu fizikia, hakuna nafasi. Alishafeli mara mbili. Safari hii akanibebesha mimi kazi ya kumfundisha, maskini mimi!

Tulianza na grafu ya kimo na muda. Hapo alinishangaza kwa wepesi wake. Mstari ukipanda, lifti inapanda. Ukilala, imesimama, watu wanashuka. Alichora safari nzima ya mhasibu aliyesahau funguo, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha nikaleta grafu ya kasi. Mstari umelala, lakini juu, mbali na sifuri.

"Imesimama," akasema.

"Haijasimama, shangazi! Inakwenda kwa kasi ileile."

"Mwanangu, mstari uliolala ni lifti iliyosimama. Mimi nashinda humo, wewe utaniambia nini?"

Wiki nzima wimbo huohuo. Nilitamani kutafuna chaki. Mwishowe nikamfuata kazini, nikamwambia afumbe macho tukipanda.

"Unasikia nini?"

"Tumbo limekuwa zito."

"Na sasa?"

"Limetulia, halina habari."

"Kwa hiyo tumesimama?"

Akafumbua macho. Namba za ghorofa zilikuwa zinapita: nne, tano, sita.

"Yarabi! Tumbo limelala na lifti inakwenda!" Akamkumbatia wakili aliyekuwa karibu, faili zikamwagika. "Mstari wa kasi ukipanda, ndipo tumbo linapokuwa zito!"

Mtihani aliufanya huku kashika tumbo. Msimamizi akamuuliza kama anaumwa.

Matokeo yalimkuta kazini, lifti imejaa, nami nimebanwa kwenye kona. Akasoma simu, akapiga kigelegele, akabonyeza kumi.

"Mama, mimi nashuka ya tatu!" mtu akalalamika.

"Leo hashuki mtu!"

Juu kabisa akatoka mbio, nasi sote nyuma yake, hadi kwenye mlango wa mitambo wenye kibao: wasiohusika hawaruhusiwi. Miaka yote aliishia hapo. Akajifuta machozi, akaugonga kwa nguvu.

"Fungueni," akasema. "Nahusika."