Kilo Tatu za Mudathiru

Kwanza niseme wazi: Mudathiru hakuuza pambano. Nimechoka kusikia upuuzi huo kila nikipita sokoni Kamembe, hapa Rwanda mpakani na Kongo, na wanaousema ni watu ambao hawajawahi kupigwa hata kofi la maana. Mimi, Niyomugabo, mchomeleaji wa milango ya chuma, ndiye niliyemfundisha ngumi tangu akiwa na miaka kumi na minne. Mwenyewe atakasirika akijua nimesema. Na akasirike. Kwa sababu mimi nami nilimkosea, tena kuliko wao.

Baba yake alikuwa Mzee Hategekimana, mnunuzi wa maharage na mahindi, Mwislamu wa safu ya kwanza msikitini. Wakulima walimletea magunia kutoka Gitambi na Nkungu kwa sababu bohari yake ilikuwa na mizani kubwa ya chuma, ile ya kusimamisha gunia zima juu yake, na kwa sababu mzee hakuwa na maneno mengi. Alipima, akalipa, akauliza habari za watoto. Mudathiru alimpenda baba yake kwa namna iliyonitia wivu, mimi niliyekulia Bukavu bila baba. Kila aliposhinda alitoka ulingoni moja kwa moja, hajafungua hata bandeji za mikono, akaenda kumpa mzee mkono.

Na alishinda sana. Mapambano kumi na tisa, hapa Kamembe, Bukavu, hadi Burundi kupitia mpaka wa Ruhwa, na hajaanguka hata mara moja. Mkono wake wa kushoto hukuuona ukija, ulishtukia tu umeshafika. Mambo ya kitaalamu hatukuwa nayo. Ng'ambo walitupima uzito kwa macho, na pambano likiwa la nyumbani mabondia wote walipanda mizani ya maharage katika bohari ya mzee. Tuliona ni sawa tu.

Alipofikisha miaka ishirini na minne wakaja watu wa ngumi kutoka Kigali. Walitaka bondia mmoja wa kilo sitini na tatu na nusu aende kambi ya timu ya taifa, wakataka kwanza wamwone Mudathiru akipigana. Mpinzani aliyepangwa alivunjika kidole, wakamleta badala yake Gad wa Nkungu, mbeba matofali mpole aliyekuwa amepigwa mara tano katika mapambano saba. Gad mwenyewe alicheka nilipomsalimia. "Kocha, mumuambie anipige polepole. Kesho niko na kazi."

Wiki tatu nzima, kila baada ya swala ya alfajiri, Mudathiru alijipima peke yake katika bohari, kisha akaja kuniambia: sitini na tatu. Asubuhi ya pambano watu wa Kigali wakatoa mizani yao ndogo ya betri, wakaiweka sakafuni, akapanda. Sitini na sita na gramu mia tatu.

Nikasema mizani yao ni mbovu, tena nikasema kwa kelele. Mmoja wao hakubishana nami. Alichukua mfuko wa sukari wa kilo tano, haujafunguliwa, akauweka juu. Ikasoma tano. Mudathiru aliutazama ule mfuko kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika.

"Juu ya nini uliniongopea?" nikamuuliza.

"Nilikulaka chakula, kocha. Usiku. Munisamehe."

Wakatupa muda hadi saa sita mchana. Nilimvisha koti la plastiki, nikamkimbiza kilima cha Kamembe juu na chini, kisha nikamfungia kwa mwokaji mikate, kando ya tanuri, akiwa na kopo la kutemea mate, maana hata mate ni uzito. Sikumhurumia. Mate yalipokwisha alitema hewa. Saa sita kasorobo alipanda tena mizani, ikamkubali, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Maji tuliyompa baadaye aliyatapika yote.

Saa kumi akaingia ulingoni. Raundi ya kwanza alishinda kwa mazoea tu. Raundi ya pili miguu ikamkatalia. Gad alirusha ngumi ya kujikinga, ngumi ambayo Mudathiru wa jana yake angeikwepa huku anapiga miayo, na bingwa wetu akakaa chini. Alijaribu kusimama mara mbili. Gad alibaki akiitazama glavu yake, hajui afurahi au aombe radhi. Mtazamaji mmoja akauliza kwa sauti Mudathiru amelipwa ngapi, na kuanzia hapo hakuna aliyetaka jibu jingine. Lisemwalo lipo, wakasema.

Mimi sikuamini kwamba aliuza. Niliamini kwamba tumbo lilimshinda, na kwangu hilo lilikuwa baya zaidi. Nilimwambia asikanyage tena kwangu. Miaka miwili sikumjibu salamu.

Mzee Hategekimana yeye aliamini maneno ya soko. Hakumfukuza. Alimwambia mara moja tu, mbele ya watu wa nyumbani: "Nilikulisha halali. Weye unaniletea haramu mu nyumba." Tangu siku hiyo alikataa kupokea mkono wa mwanawe. Mudathiru aliunyoosha kila asubuhi, na kila asubuhi mzee akapita.

Ngumi aliziacha. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, kazi ya kupima magunia ikawa ya Mudathiru, na hapo ndipo soko lilipopata jambo jipya la kumsema. Mizani ikionyesha hamsini na saba, yeye alitangaza sitini. Akina mama wa Gitambi waliona, wakabana vicheko. "Tupeleke kwa Mudathiru," waliambiana njiani, "ngumi zilimutoa akili, hajue tena kusoma kilo." Mzee alipoona faida inapungua alisema vilevile, kwamba mtoto ameharibika kichwa. Bingwa wa mapambano kumi na tisa akawa wa kuchekwa na wauza maharage.

Siku moja mvua ilinikuta nje ya bohari, na mfuko wa saruji begani. Nikaingia bila kumsalimu Mudathiru aliyekuwa ndani, nikautua mahali pakavu palipokuwa karibu, juu ya mizani. Mfuko mpya, wa kilo hamsini. Mshale ukasimama kwenye arobaini na saba na nusu.

Niliusogeza, nikaurudisha. Arobaini na saba na nusu. Nikakumbuka mfuko wa sukari, na jinsi uso wa kijana ulivyobadilika. Sioni haya kusema kwamba nililia pale pale, mtu mzima.

"Unajua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu ile sukari."

"Na mzee?"

"Ni yeye mwenyewe alifunga kachuma chini ya mizani. Nilikaonaka."

"Juu ya nini haukusema, Mudathiru? Ungekuwa Kigali leo."

Alikuwa anashona mdomo wa gunia, hakuinua kichwa. "Ningesema nini, kocha? Niambie bantu kama papa anaibia bale bamama bote? Kesho angeswalia wapi?"

Kisha akaniomba niape kunyamaza wakati wote mzee yuko hai. Nikaapa. Nilimwomba radhi, naye akasema yameisha, lakini mimi najua hayajaisha. Miaka ya bondia haina akiba.

Mzee alifariki mwezi uliopita, hajapokea ule mkono. Mudathiru ndiye aliyemwosha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wahenga walisema, na siku ile hawakukosea. Kabla ya kuswalia maiti, imamu aliwageukia watu akauliza wanamshuhudia vipi marehemu. Wakajibu pamoja: mtu mwema. Mimi ni Mkristo, nilisimama nyuma karibu na lango, lakini sauti ya Mudathiru niliitambua. Ilikuwa juu ya nyingine zote.

Akina mama wa Gitambi walikuja pia, wakangoja nje. Mudathiru alipotoka, mkubwa wao, Mukandayisenga, ambaye alimuuzia mzee maharage kwa miaka ishirini, alimshika mkono kwa huruma ya kweli.

"Papa yako alikuwa muntu wa haki," akamwambia. "Hakutuibia ata siku moya. Weye, Mungu akusamehe ile haya ulimupatishaka."

"Asante, maman. Muniombee."

Nilifungua mdomo. Kiapo kilikuwa kimekwisha. Mudathiru akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, kisha akaenda kushika jeneza upande wa kichwa cha baba yake.